Naomba ushauri: nina shilingi milioni 4, nianze na kamera, lenzi au kompyuta?

Yangeyange wa Raskazone

Wakuu, habari za wakati huu. Ninaishi Tanga mjini na ninapiga picha kwa kujifurahisha tu, si kwa biashara. Karibu picha zangu zote ni za ndege: yangeyange na kwarara wanaotafuta chakula ufukweni maji yanapokupwa, mdiria kwenye mikoko, na nikipata nafasi hupanda Amani, kule Usambara Mashariki, kuwatafuta chozi na ndege wengine wa msituni.

Kamera yangu ni Canon EOS 1300D na lenzi yake ya milimita 18-55, isiyovuta kitu cha mbali, ambayo kwa kazi ya ndege ni kama sina lenzi. Kompyuta ni HP ya mpakato yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 6, RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Nikifungua picha chache za RAW (faili ghafi za kamera) kwa pamoja, inaganda.

Nimejibana mpaka nimefikisha shilingi milioni 4, na sitarajii kuongeza kitu hivi karibuni. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam ananishauri nichukue Canon EOS R50 mpya pamoja na lenzi yake ndogo ya 18-45, kwa hoja kwamba kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, kama hii yangu, zimepitwa na wakati. Rafiki yangu anasema ninunue kompyuta nzuri kwanza. Mimi mwenyewe macho yangu yako kwenye Canon 80D iliyotumika pamoja na Sigma 150-600. Naomba mnisaidie kuzipanga fedha hizi, na kama kuna kitu sikihitaji, mniambie bila kunionea haya.

Mzee wa Lenzi

Mleta uzi, ndege hakusogelei kwa sababu umenunua kamera mpya. Ukiichukua R50 na lenzi yake ya 18-45, utakuwa na kamera ya mwaka 2023 inayomtambua ndege na jicho lake kwa ustadi mkubwa, huku ndege mwenyewe akiwa nukta katikati ya picha. Kwa picha za namna yako, fedha inaanzia kwenye lenzi, na mimi ningeipa lenzi karibu nusu ya bajeti yote.

Hiyo Sigma iko ya aina mbili, Contemporary na Sport. Chukua Contemporary, ambayo ina uzito unaokaribia kilo 2. Sport inakaribia kilo 3, na mtu anayetembea kwa miguu kwenye matope ya mikoko hataibeba kwa furaha. Kuhusu 80D hujakosea: ina nukta 45 za fokasi (za kulenga ukali wa picha) na inapiga picha 7 kwa sekunde, wakati 1300D yako ina nukta 9 na picha 3 kwa sekunde. Hata hivyo, kama fedha zitabana, nunua lenzi uifunge kwenye 1300D hiyo hiyo, kwa sababu inaingia bila adapta yoyote, na 80D itakuja baadaye.

Binti Muheza

Shikamoo, Mzee wa Lenzi. Kuhusu lenzi ya 18-45 nakuunga mkono kabisa, ila naona R50 umeihukumu kwa kosa la muuzaji. Inaweza kununuliwa bila lenzi, kisha ikafungwa RF 100-400, ambayo ina uzito wa gramu 635 tu. Kamera na lenzi kwa pamoja ni kama kilo 1. Mimi ninaijua njia ya kupanda Amani, na najua kwamba kamera nzito huishia ndani ya begi wakati ndege anapita juu ya kichwa chako. Isitoshe, R50 inaweza kupiga bila mlio wa shata, jambo ambalo kwa ndege mwoga wa msituni lina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Mzee wa Lenzi

Marahaba, binti yangu. Hoja ya uzito ni ya kweli, nami kwa umri wangu siwezi kuibishia. Lakini hujataja kwamba RF 100-400 ikivutwa hadi mwisho, tundu lake la mwanga linaishia kwenye f/8 (namba ikikua, mwanga hupungua). Ukiilinganisha na lenzi ya f/5.6, hiyo ni nusu ya mwanga. Chini ya miti ya Amani, ambako mwanga ni hafifu hata saa sita mchana, pale ambapo mwenzako anatumia ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya 3200 wewe utalazimika kwenda 6400, na picha itajaa chenga, yaani vidoadoa. Sigma nayo si malaika, maana kwenye milimita 600 ni f/6.3, lakini tofauti ipo.

Kuna njia ya tatu ambayo vijana wameisahau: Canon EF 400mm f/5.6L. Ni lenzi ya mwaka 1993, haivutiki, haina kitulizaji cha mtikisiko, lakini ni kali na ina uzito wa kilo 1.25. Kwa ndege anayeruka, kukosa kitulizaji hakuna madhara, kwa kuwa utakuwa unatumia shata ya 1/1600 ya sekunde au kasi zaidi. Ni kwa chozi aliyetulia kivulini ndipo utakapokihitaji. Siku ukihamia kamera zisizo na kioo, utaifunga kwa adapta ya EF (mfungo wa kamera za kioo) kwenda RF (mfungo wa hizo mpya) na itaendelea na kazi.

Yangeyange wa Raskazone

Nawashukuru sana. Niongeze maelezo ambayo pengine yatabadilisha hesabu: picha zangu nyingi ni za ufukweni asubuhi, kwenye mwanga wa kutosha, na Amani ninakwenda mara chache kwa mwaka. Picha naziweka mtandaoni, na moja moja naichapisha kwa ukubwa wa A4.

Fundi wa Ngamiani

Hapo umesema jambo la msingi. Karatasi ya A4 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli zisizofika 9. Kamera yako ya sasa ina 18, kwa hiyo unaweza kukata nusu ya picha na bado ukachapisha vizuri. Usidanganywe na mtu atakayekuvuta kwenda kamera ya 90D kwa sababu ina megapikseli 32.5, kila megapikseli unayoiongeza kwenye kamera, kompyuta ndiyo inayoilipia, kwa nafasi ya diski na kwa muda wa kusubiri.

Sasa kompyuta. Kabla ya kununua nyingine, fungua hiyo HP uone kama RAM inaongezeka. Ukiweka SSD (diski isiyozunguka) na kufikisha RAM ya GB 16, utashangaa, kwa sababu kinachokuchelewesha zaidi ni hiyo diski ya kuzunguka. Kasoro yake ni kwamba Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya kizazi cha 6. Unaweza kuweka mfumo wa Linux badala ya Windows na kutumia programu za darktable au RawTherapee, ambazo ni za bure na zinafanya kazi ya RAW kikamilifu, ingawa darktable inahitaji uvumilivu wa kujifunza.

Ukiamua kununua nyingine iliyotumika, usishuke chini ya kizazi cha 8. Sababu ni mbili: kuanzia hapo Windows 11 inaingia rasmi, na i5 nyingi za mpakato zilitoka kwenye koa (viini vya prosesa) 2 zikawa na koa 4. ThinkPad T480 ni mfano mzuri, kwani ina nafasi mbili za RAM, na betri moja kati ya mbili zake inachomolewa, faida ambayo umeme ukikatika huhitaji kuelezwa. Ubaya wa kompyuta hizi za maofisini ni kioo cha kuonyeshea. Nyingi zina kioo hafifu kwa rangi. Utasahihisha manyoya ya mdiria mpaka yakupendeze, kisha uyaone kwenye simu ya mwenzako yamekuwa ya rangi nyingine. Fedha utakazookoa kwenye kamera, nunua kioo cha pembeni cha IPS (aina inayoonyesha rangi vizuri) kinachofikia sRGB (kipimo cha rangi za mtandaoni) yote au karibu yote.

Jambo la mwisho linahusu zile chenga za Mzee wa Lenzi. Zile programu mpya za akili bandia zinazosafisha chenga hutaka kadi ya picha yenye nguvu. Kwenye T480 ya kawaida, picha moja inaweza kuchukua dakika kadhaa. Kwa hiyo lenzi yenye giza, isiyoingiza mwanga mwingi, si nafuu kama inavyoonekana dukani.

Mwanapwani

Wote mmesahau kwamba mtu huyu anaishi Tanga. Hapa kwetu lenzi haifi kwa kutumika, inakufa kwa kuvu. Unaponunua lenzi iliyotumika, hasa iliyokaa Pwani au Unguja, fungua tundu lake lote, mulika tochi upande mmoja na utazame upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama za buibui, rudisha hata kama unauziwa kwa bei ya kutupa, maana kuvu hula utando wa kioo na alama haitoki. Nyumbani weka vifaa kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli (vipakiti vya kunyonya unyevu) na kipimo cha unyevu, uhakikishe unabaki kati ya asilimia 40 na 50. Mchele usiutumie, una vumbi. Ukitoka ufukweni, ifute kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ili kuondoa chumvi kabla hujaiweka kwenye boksi.

Yangeyange wa Raskazone

Nimewaelewa. Kwa kuwa ndege wangu wengi wako kwenye mwanga, ninaelekea kwenye Sigma Contemporary kwanza, nikiifunga kwenye 1300D, kisha SSD na RAM kwa HP, na kinachobaki kitatafuta 80D. Nawezaje kujua 80D imepiga picha ngapi? Muuzaji anasema elfu kumi tu.

Mzee wa Lenzi

Canon nyingi, 80D ikiwemo, haziandiki idadi hiyo ndani ya picha kama Nikon wanavyofanya. Inabidi kuiunganisha kamera na kompyuta yenye programu maalumu. Shata ya 80D ilikadiriwa kuhimili picha 100,000. Mwombe muuzaji akupimie ukiwa umesimama hapo hapo. Akikataa, tazama mpira wa mshikio na sehemu ya chuma inapokaa flashi: vikiwa vimechakaa, hiyo elfu kumi ni ya mwaka wa kwanza. Chukua pia kadi yako mwenyewe, upige ukuta mweupe kwa f/16 na anga kwa f/16, uzikuze picha hizo nyumbani uone madoa ya kihisi kabla hujatoa salio.

Binti Muheza

Na ukipanda Amani na hiyo Sigma, chukua mtu wa kukusaidia kuibeba.