Roda ya kapi la tanga: nikereze ya nailoni au asetali?

MashuaMatema
Wakuu, habari za kazi. Kapi la juu ya mlingoti kwenye mashua yangu ya tanga huku Matema limechoka. Roda (gurudumu la ndani ya kapi) imeliwa upande mmoja, tundu la pini lina umbo la yai, na kamba ya mm 10 inaruka na kukwama kati ya roda na shavu (ubavu wa kapi). Kipenyo cha roda ni mm 50, nafasi kati ya mashavu mm 15, pini mm 8. Fundi wa kukereza hapo Mbeya mjini ana nailoni nyeupe na kipande kingine anachosema ni asetali (aina nyingine ya plastiki ngumu). Nichukue ipi, na nimpe vipimo gani?

Kerezo_Mbeya
Asetali, kama kweli ni asetali. Nailoni inakunywa maji. Ikishiba huvimba kama asilimia 2. Roda ya upana wa mm 14.4 inakaribia 14.7, changanya na mchanga wa Matema, inakwama.

Zote nyeupe, kwa hiyo usiamini macho, tumia mizani. Kipande cha kipenyo mm 50 na urefu mm 100 kina gramu 277 hivi kikiwa asetali, 224 kikiwa nailoni. Kikielea majini ni polithini ya vibao vya kukatia nyama, achana nacho.

Vipimo: upana 14.4, tundu 8.2, mfereji wa nusu duara wenye rediasi 5.5. Mfereji mwembamba unaminya kamba, mpana mno unailaza bapa. Mfereji na tundu vichongwe kabla kipande hakijafunguliwa kwenye chaki (kishikio cha mashine ya kukereza), la sivyo tundu linahama kutoka katikati na roda itayumba. Apime kikiwa kimepoa. Kisu kiwe kikali: asetali ikiungua inatoa mvuke wa formaldehaidi, macho yatawaka.

Fundi_Mlingoti
Na pini je? Ichomoe, pitisha ukucha. Ukihisi ngazi, itupe, maana itakula roda mpya vilevile. Watu wengi huweka bolti yenye nyuzi mpaka kichwani, zile nyuzi zinakuwa kama tupa ya kunolea ndani ya tundu. Tafuta bolti ambayo sehemu yake laini inavuka mashavu yote mawili, ukate nyuzi zinazozidi. Chuma cha pua daraja la 304 kinatosha. Ziwa Nyasa ni maji baridi, daraja la 316 linalovumilia chumvi zaidi waachie wa baharini. Nati iwe ya kujifunga, na usikaze mpaka mashavu yabane roda.

MashuaMatema
Nashukuru wakuu. Nimepima hicho "asetali": kipenyo 60, urefu 80, gramu 258.

Kerezo_Mbeya
Hiyo ni nailoni mkuu, asetali ingefika kama 319. Ukikosa asetali kabisa, itumie, ila upana uwe 14.0 na kipenyo 49 ili ipate nafasi ya kuvimba. Usishuke chini ya hapo, kamba itaanza tena kupenya pembeni.