Naomba ushauri kuhusu asili ya neno "archeress"

Wakuu, habari zenu. Naandaa makala kuhusu wanawake wa Uingereza waliocheza mchezo wa upinde na mishale, hasa wale wa Olimpiki ya London ya 1908, ambako Queenie Newall alichukua dhahabu na Lottie Dod fedha. Katika kusoma nimekutana na neno la zamani la Kiingereza, archeress, yaani mwanamke mpiga mishale. Nimelipenda mno na nataka nilieleze sawasawa.

Nimelichambua hivi: archer ilitoka Kifaransa cha kale, na mzizi wake ni arcus ya Kilatini, upinde. Kiambishi -ess nacho kilipitia Kifaransa kutoka -issa ya Kilatini, ambayo asili yake ni Kigiriki. Ndicho kilichomo kwenye countess, yaani mwanamke mwenye cheo cha kikabaila. Kinachonivutia zaidi ni kwamba Waingereza walikuwa na kiambishi chao cha kike, -ster. Spinster, kwa mfano, mwanzoni alikuwa mwanamke anayesokota nyuzi.

Nilipokwama ni hapa. Kamusi nilizopekua zinanipa vipande tu. Je, neno hili liliingia likiwa zima kutoka Kifaransa, au Waingereza wenyewe ndio waliounganisha archer na -ess? Na kwa mliowahi kufuatilia historia ya maneno, ni ushahidi gani hutenganisha mambo hayo mawili: umri wa maandishi ya kwanza, au umbo la neno lenyewe?

Natanguliza shukrani.