Mama kapimwa kijijini, kiuno sentimita 104. Nimwambieje?

Habari za humu wakuu. Mama yangu ana miaka 52, ni mkulima kijijini Rungwe. Juzi wahudumu wa afya walipita wakawapima watu wazima. Jirani akanitumia picha ya kadi ya mama: kilo 86, urefu mita 1.58, kiuno sentimita 104, presha 148/92. Nikagawanya uzito kwa urefu mara urefu, nikapata 34. Kuanzia 30 ni unene uliopitiliza.

Mwenyewe ana furaha, watu wanamwambia amenawiri, watoto wanamtunza. Nilipomgusia kupungua alinyamaza, kisha akauliza, "Unataka waseme nina ule ugonjwa?" Mdogo wake alikonda sana kabla hatujamzika. Halafu huyu mtu analima! Nilidhani unene ni wetu sisi wa mjini. Naombeni mawazo.

Nesi wa Zahanati: Pole mkuu. Kwanza arudie vipimo. Mizani ikikaa kwenye sakafu ya udongo inadanganya, iwekewe ubao. Na futikamba haipitishwi juu ya fundo la kitenge. Inapita katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi. Ila hata ukitoa sentimita 5 za kitenge, bado. Kwa mwanamke hatari inaanzia 80, ikipita 88 imeshakuwa kubwa. Mafuta ya tumboni ndiyo mabaya zaidi kwa presha na kisukari, kuliko ya mapajani. Presha haiamuliwi kwa kipimo kimoja, apime tena siku nyingine akiwa ametulia, na sukari kabla hajala.

Mwana wa Mkulima: Kwani shambani anaenda kwa miguu? Mama yangu alikuwa anapanda mlima na ndoo kichwani. Bomba likaja, bodaboda ikaja, sahani ya ugali ikabaki ile ile. Tukaacha dona tukahamia sembe, mafuta kila mboga, chai sukari vijiko vinne. Hakuna aliyeona kosa, maisha yalikuwa yanakuwa mepesi na alistahili.

Kaka Mkubwa: Mwacheni mama ale, kahangaika kuwasomesha.

Nesi wa Zahanati: Kaka, naelewa. Lakini mwezi huu nimempokea mama wa umri huo huo, upande mmoja hausogei. Hakuwahi kujua ana presha.

Mama Mapacha: Mdogo wangu, usimtajie kukonda kabisa. Sisi tuliozika watu miaka ile tunaogopa kukonda kuliko kifo chenyewe. Mwambie presha. Akipungua kilo nne tu taratibu, hata jirani hatagundua, ila presha na sukari vitaitikia.

Mleta uzi: Asanteni sana, Mama Mapacha umenigusa. Nimempigia, sikutaja kilo. Nimemwambia naogopa presha yake. Kasema Jumatano ataenda zahanati kwa miguu na shoga yake. Kwenye sukari ya chai kaguna tu. Nitaleta mrejesho.