Eti kadi iko SAFI! Huyu fundi leo kanivua nguo mbele ya mama wa bibi harusi

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukana nisameheni.

Mnamjua. Simtaji, maana nikimtaja atatua humu na yale magazeti yake. Ni yule yule aliyetuuzia wapiga shughuli wote wa mtaa huu vile vikasha vya kurekodia. Kofia kaigeuza nyuma mbele, miwani ya jua hadi ndani ya duka. Eee, huyo huyo.

Jumamosi nilikuwa na harusi. Kasha mezani, kadi ya GB 128 ndani, imepangwa kwa exFAT (mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi), taa ya kijani SAFI tangu bibi harusi anashuka kwenye gari. Wakati wa keki umeme ukakata. Jenereta ya ukumbi ikatukanwa weee mpaka ikawaka. Kasha likarudi, taa ya kijani, SAFI. Nikala zangu keki. Nafika nyumbani, faili la saa tatu lina ukubwa sifuri. Maharusi sifuri, mashemeji sifuri, MC aliyelipwa mara tatu yangu naye sifuri.

Mama wa bibi harusi akagoma kuniamini, leo nikampeleka dukani kwa mwenyewe. Jamaa kachomeka kadi, kachungulia skrini, karanga mdomoni, kamgeukia mama wa watu: "Mama, kadi iko safi. Kama kadi ni safi na harusi haimo, basi labda harusi haikuwepo."

LABDA HARUSI HAIKUWEPO.

Mama kachangisha miezi minane, kavaa viatu vilivyomtoa kucha, leo anaambiwa na mla karanga kwamba harusi haikuwepo!

Sasa nimeshajua anachofanya. Kasha lake kila likiandika kipande kidogo linaweka alama kwamba kadi ni safi, huku data nyingine bado iko kwenye memori inasubiri zamu. Ni sawa na mama ntilie akuandikie umeshakula wakati mchele bado unachaguliwa mawe. Alama ya uchafu, yaani kwamba kwenye kadi kuna kazi haijakamilika, unaiweka kabla hujagusa kitu, unaitoa mwisho wa mwisho, kila kitu kikishatua kwenye kadi na kadi yenyewe ikishaamriwa imalizie ilichokishikilia. Na kadi ikikujia tayari chafu, huna ruhusa ya kuitakasa kwa kuichomoa tu, unaiacha chafu hadi ikaguliwe. Yeye? Umeme ukirudi, kitu cha kwanza kasha lake linafuta ile alama! Ushahidi wote umepigwa deki.

Halafu anatafuna karanga. Labda harusi haikuwepo. Karanga, wakuu!

Nawasilisha.

---

Kigoda_Cha_Mbele: Nimeshakaa. Endeleeni.

Bi Mkora: Nimecheka hadi mtoto kaamka. "Labda harusi haikuwepo" 😂😂 Huyo mpeni kesi za talaka.

Fundi Saa Mbovu: Mkuu pole, ila saa tatu za harusi ya watu kwenye kadi moja? Hata mayai ya kuku hayawekwi yote kapu moja. Na wewe ni mchafu.

Superbloku: Mleta uzi kwenye hoja yuko sawa. Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) inavyofanya kwenye ext2, mfumo wake wa kupanga mafaili: ikipokea diski kwa ajili ya kuandika, inaondoa alama ya usafi papo hapo, inairudisha wakati wa kuiachia. Umeme ukikata katikati, alama haipo, ukaguzi unafanyika ikiwaka. Kinachochekesha, kwenye FAT32, ndugu mkubwa wa exFAT, biti ya alama hiyo (ni 0 au 1 tu) ikiwa 1 maana yake safi, kwenye exFAT ikiwa 1 maana yake chafu. Huenda jamaa alichanganya hapo.

Mla Karanga wa Kweli: Hakuchanganya. Ukiacha alama ya uchafu, wateja wanaona onyo kila wakichomeka kadi kwenye kompyuta, wanakwenda kumsumbua dukani. Kaizima ili alale.

Mleta uzi: @Mla Karanga wa Kweli NI WEWE??

Mla Karanga wa Kweli: Mimi napenda karanga tu mkuu.

Superbloku: Mleta uzi, hiyo kadi usiandike kitu tena. Toa nakala yake nzima kwanza, kisha jaribu PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyopotea, juu ya nakala. Ukubwa sifuri hausemi picha hazipo, huenda ni kwamba orodha haikuwahi kusasishwa.

Mleta uzi: Aaah. Jumapili nimerekodia ubarikio kwenye kadi hiyo hiyo.

Bi Mkora: 💀💀💀

Fundi Saa Mbovu: Basi kweli harusi haikuwepo.

Msela wa Kaunta: Nyie mna nafuu. Kompyuta ya kazini ina Windows na Linux. Naizima Windows kabisa, nahamia Linux, inanigomea diski, eti Windows imelala, haijazimika. Nimebonyeza kuzima mimi mwenyewe! Kumbe ule uwashaji wa haraka uliokuja na Windows 8, ukizima inajilaza na diski inabaki njia panda. Miaka miwili namlaumu mlinzi.

Kigoda_Cha_Mbele: Mlinzi kakosa nini hapo?

Msela wa Kaunta: Ndiye anayezima swichi kubwa usiku. Nilimshtaki kwa bosi mara mbili.

Bi Mkora: Kamuombe msamaha mzee wa watu.

Dada Foleni: Mada za kuzima zimenikumbusha baba mwenye nyumba wangu, anazima pampu ya maji saa mbili usiku wakati hela ya maji tunalipa sawa. Leo nimeoga kwa kikombe.

Fundi Saa Mbovu: Kikombe cha chai au cha bati?

Dada Foleni: Cha chai. Kidogo kile.

Msela wa Kaunta: Wangu anahesabu hadi wageni. Shemeji kalala siku mbili, nimeongezewa kodi.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye kadi.

Dada Foleni: Wako anaongeza shilingi ngapi kwa mgeni?