Maswali binafsi kutoka kwa wanamuziki wenzangu: nijibu nini, na kwa kipimo gani?

NyuziSita

Wadau, salaam. Nimejiunga na wanamuziki wanaorekodi pamoja kila mmoja akiwa kwake, na mgeni hupewa maswali ya kujitambulisha. Mimi ni alto (sauti ya chini ya kike kwenye kwaya), napiga pia gitaa la ridhimu. Maswali ni haya: sauti yako inafika wapi; unapiga chombo gani; una miaka mingapi kwenye muziki na kiwango chako ni kipi; unaishi wapi; jina kamili na tarehe ya kuzaliwa; tamasha la kwanza kuhudhuria; na wanamuziki gani wamekuathiri.

Nilichoandika mpaka sasa: "Nafika so ya juu, napiga gitaa la kawaida kwenye G, nina miaka saba." Nikisoma upya naona hakimsaidii mtu. Lipi nilijibu kwa undani na lipi niliruke?

TenoWaPili

So ya juu ya wimbo upi, mkuu? Do ikiwa F, so ni C. Do ikiwa B♭, so ni F. Hujakosea, ila anayesoma hana pa kuanzia. Na akiwemo Mfaransa, Mwitaliano au Mhispania ndiyo mtapotezana kabisa, maana kwao do ni C siku zote, haihami na wimbo.

Andika herufi na namba ya oktava (kundi la noti kutoka C hadi C inayofuata), kisha ongeza maneno haya: "C ya kati = C4". Usiyaache. Yamaha na baadhi ya programu za kurekodia huiita C hiyohiyo C3, kwa hiyo mtu anaweza kukuandikia sehemu iliyo oktava nzima nje ya koo lako.

Kupima:

Usipime umetoka kitandani. Asubuhi sauti huwa nzito, utapata noti za chini ambazo jioni huzioni tena. Pasha koo kama dakika kumi kwa "mmm" na midomo imefungwa.

Anza noti ya katikati unayoimba bila kujikaza. Imba noti tano za kushuka (so fa mi re do) kwa "a", kisha hamisha zote nusu toni chini, rudia, endelea hivyo. Noti inahesabika kama unaishikilia sekunde nne na bado ina mlio. Ikibaki pumzi au mkwaruzo, rudi moja juu. Hapo ndipo mwisho wako.

Kupanda ni vilevile, ila andika namba mbili: noti ya mwisho ya sauti kamili, na noti ya mwisho ya sauti nyembamba ya kichwani. Ukizichanganya, mtunzi atakupa mstari wa nguvu mahali ambapo wewe una mnong'ono tu.

Kisha jibu lenye faida kuliko yote: eneo la raha, yaani noti unazoweza kukaa nazo wimbo mzima wa dakika nne. Kwa kawaida utakata noti mbili tatu kila upande. Alto wa kwaya huandikiwa takriban G3 hadi D5, lakini wachache hukaa D5 kwa beti tatu wakatoka salama.

Wanaume wasomao stafu (noti za mistari mitano), angalizo: teno (sauti ya juu ya kiume) huandikwa kwenye ufunguo wa G wenye kinane kidogo chini yake, maana yake sauti inasikika oktava moja chini ya ilivyoandikwa. Ndiyo sababu kila mara anatokea teno anayedai anafika A5. Anafika A4, na hiyo ni nzuri tu.

KidoleGumba

Nikamate la gitaa. "Gitaa la kawaida kwenye G" lina mitego miwili.

Kwanza "kawaida". Mwenzako hahitaji jina la kampuni. Anahitaji kujua: akustika au umeme, nyuzi za chuma au nailoni, nyuzi ngapi, zimefungwa noti gani (E-A-D-G-B-E au zote zimeshushwa nusu toni), na A yako, noti ya kufungia vyombo, ni 440 Hz au la. Nailoni na chuma haviwezi kubadilishana kwenye rekodi, mlio wa nailoni hufa haraka na hauna mng'ao wa juu.

Pili "kwenye G". Unatumia kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye shingo ya gitaa)? Ukiweka kapo freti ya 3 na vidole vikashika umbo la G, kinachosikika ni B♭. Mpiga kinanda akisoma "G" atapiga G, na ninyi wawili mtakuwa nusu toni tatu mbali huku kila mtu akiapa yuko sahihi. Andika vyote viwili: umbo G, kapo 3, inasikika B♭.

Ugonjwa huohuo uko kwenye vyombo vingine. Tarumbeta ya B♭ ikisoma C inatoa B♭. Saksofoni ya alto ni ya E♭. Mpiga kinanda anayepiga kila wimbo kwenye C kisha akabonyeza transpozi (kitufe cha kuhamisha noti zote) aseme hivyo wazi. Si dhambi, ila ukitumia midi yake (faili la noti alizopiga) bila kujua, noti zote zinaweza kuwa zimehama. Mwenye besi ataje idadi ya nyuzi: besi ya nyuzi nne inaishia E1, kwa hiyo wimbo wa D hauna D ya chini isipokuwa alegeze uzi. Ya nyuzi tano inafika B0. Kwenye kinanda, hesabu ya vitufe (61, 76, 88), na kama vinaitikia nguvu ya kidole. Kinanda kisichoitikia nguvu hakitoi piano ya kuaminika hata mpigaji awe nani.

Metronomu80

Miaka saba ya nini? Wapo waliorudia nyimbo nane zilezile miaka saba.

Toa kazi inayopimika. Kwa gitaa la ridhimu mimi ningetaka haya: mapigo mangapi kwa dakika unaweza kupiga vipande vya kumi na sita (noti nne kwa kila pigo) bila kuchelewa, kwa dakika tatu mfululizo, unashika kodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) za kidole kimoja kulala nyuzi zote au unazikwepa, unasoma nini (stafu, sol-fa, chati ya kodi, au sikio tupu), na ukipewa wimbo mpya wa dakika nne unahitaji siku ngapi kuurudisha umerekodiwa. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo linalovunja ratiba.

Kama una gredi ya mtihani itaje pamoja na chombo chake. Gredi za ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, huenda 1 hadi 8, kila mtu anajua 5 iko wapi. Huna, acha, usijipangie yako.

Halafu ambatisha sampuli ya sekunde 60. Mkupuo mmoja, bila kukata, bila mwangwi wa kuongeza. Metronomu isikike kwenye hedifoni zako tu, isiingie kwenye maiki. Hedifoni ziwe za kufunika masikio. Za wazi huvujisha mlio wa metronomu, na hautoki tena ukishaingia. Sampuli iliyopambwa inakudhuru mwenyewe: utapewa kazi ya kiwango usichoweza kukitoa mara ya pili.

Hujui kasi ya wimbo? Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4.

WayaMrefu

"Unaishi wapi" ni swali halali lililoulizwa kwa lugha mbaya. Wanachotaka ni viwili: tutapiga pamoja moja kwa moja au kwa zamu, na saa ngapi unapatikana.

Kupiga moja kwa moja kunategemea ucheleweshaji. Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kukaa mita tatu na nusu kutoka kwa mwenzako. Ikivuka milisekunde 25 hadi 30 kwa upande mmoja, watu wengi huanza kusubiriana na wimbo unapungua kasi wenyewe. Mwanga ndani ya faiba hutumia karibu milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000, na hiyo ni njia iliyonyooka, ambayo haipo. Kilomita 4,000 zimeshakula 20 kabla kadi ya sauti haijachukua zake: bafa (akiba ya muda ya kadi) ya sampuli 256 kwenye kHz 48 ni zaidi ya milisekunde 5, kuingia peke yake.

Basi toa ping yako (milisekunde za data kwenda na kurudi, kwa hiyo gawa kwa mbili), useme unatumia waya au wi-fi. Wi-fi yaweza kuonyesha namba nzuri lakini inayumba, na kuyumba ni kubaya kuliko kuchelewa. Hedifoni za bluetooth sahau, zinaweza kuongeza milisekunde mia na zaidi peke yake.

Saa andika kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), mfumo wa saa 24. "Saa mbili usiku" mtu akiipitisha kwenye programu ya kutafsiri, atakusubiri saa nane za usiku.

Ukirekodi kwa zamu, taja pia kHz na biti (vipimo vya rekodi ya kidijitali). Faili la 48 likifunguliwa kama la 44.1 bila kubadilishwa hushuka karibu nusu toni moja na nusu na kurefuka. Ukisikia alto imekuwa teno mlevi, angalia hapo kwanza.

KufuliLaFaili

Yaliyobaki ndiyo ya kuchunga.

Jina kamili: la kazi ni jina la kisanii. Jina la kisheria linahitajika mnapojaza karatasi ya mgawanyo wa haki na kusajili wimbo, na hapo mpe anayejaza tu, kwa faragha. Lakini hapo usilifiche. Asilimia zijumlishe 100, zisainiwe kabla wimbo haujatoka, na jina lifanane herufi kwa herufi na lililoko kwenye chama chako cha hakimiliki. Vinginevyo malipo hayajui pa kwenda.

Tarehe ya kuzaliwa: wanachohitaji kwa mkataba ni kama umetimiza umri wa kisheria. Jibu hilo, basi.

Tamasha la kwanza: ruka, au taja lililokufurahisha zaidi badala ya la kwanza. Maswali ya "kwanza" (shule, mnyama, tamasha) yametumika muda mrefu kufungulia akaunti iliyosahauliwa nywila. Mwaka 2017 ulipoenea Facebook ule mchezo wa kutaja matamasha kumi, moja likiwa la uongo, wataalamu wa usalama walionya kwa sababu hiyohiyo. Mwaka huohuo mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulikataza kuwashauri watumiaji watunge nywila kutokana na habari kama jina la mnyama wao wa kwanza. Tovuti zenye maswali hayo bado zipo. Anayekuuliza huenda hana nia mbaya, lakini jibu likishaandikwa linasomwa na wote.

Picha ya gitaa: funika siriali namba. Mtu mwenye picha na namba anaweza kudai chombo ni chake kilichoibwa. Data ya EXIF (habari zilizofichwa ndani ya faili la picha) hubeba saa, aina ya simu, na latitudo na longitudo kama simu imeruhusiwa. Programu nyingi za ujumbe huiondoa ukituma kama picha. Ukituma kama dokumenti hubaki.

TenoWaPili

Nakubaliana, ila ukikataa baadhi ya maswali bila neno utaonekana unaringa. Kataa kwa kutoa kitu: "Tarehe naihifadhi, nimeshatimiza umri wa kusaini mkataba." Sentensi moja, hakuna maelezo ya ziada. Ukianza kujitetea, mjadala utahamia kwako.

NyuziSita

Asanteni sana. Swali la waliokuathiri sijaona mtu aligusie. Niorodheshe majina tu?

Metronomu80

Majina matupu ni mapambo. Wawili wakimtaja mwanamuziki mmoja, huyu anaweza kuwa anapenda besi yake na yule anapenda anavyopanga vinanda. Taja nyimbo tatu, na kila moja sekunde ipi na kitu gani: "kuanzia 1:12, gitaa la ridhimu linavyoacha pigo la kwanza tupu." Mtayarishaji akisoma hivyo anajua akupe nafasi gani. Na ongeza moja usiyoipenda kwa sababu ya kiufundi. Inaeleza zaidi ya zote tatu.

NyuziSita

Nimeandika upya, kagueni:

"Alto, G3 hadi C5 sauti kamili, kichwani hadi F5, raha A3 hadi A4 (C ya kati = C4). Gitaa la akustika, nyuzi 6 za chuma, E-A-D-G-B-E, A=440. Sampuli: umbo G, kapo 3, inasikika B♭. Vipande vya kumi na sita kwa mapigo 96, dakika tatu. Nasoma sol-fa na chati ya kodi, stafu polepole. Wimbo mpya: siku 5. Narekodi kwa zamu, wav, kHz 48, biti 24. Ping 140, waya. Kupiga moja kwa moja haiwezekani. Napatikana 17:00–19:00 UTC. Jina la kisanii hapa, la kisheria wakati wa mgawanyo. Nimetimiza umri wa mkataba. Nyimbo tatu na sekunde zake ziko chini."

Na sampuli nimeambatisha.

KidoleGumba

Safi. Ongeza unene wa nyuzi kama unaujua, inchi .012 au .011. Si lazima.

KufuliLaFaili

Jibu limekaa. Ila tazama jina la faili lako: kinasa sauti cha simu kimeliita kwa jina la mtaa uliporekodia. Kwenye mipangilio yake zima kutaja rekodi kwa mahali, futa hilo, pakia jingine.

NyuziSita

Aisee, sikuliona. Nimefuta. Sasa linaitwa alto_gitaa_Bb_96.wav.