Ushauri: natafuta hoteli ya "tout compris" (bei moja, kila kitu ndani) kwa ajili ya wazazi. Mbona kwetu hazipatikani?

Kitindamimba_Katuba

Jambo yenu wote. Mnisaidie kufikiri, maana wiki ya tatu hii niko na simu mkononi na sijafika popote.

Mwezi wa nane baba na mama wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Baba alistaafu kwenye mgodi wa shaba. Mama ameuza unga na makayabu (samaki wa chumvi) sokoni tangu kaka yetu mkubwa akiwa bado mgongoni. Hawajawahi kulala hotelini kwa ajili ya kupumzika, hata siku moja. Sisi watoto sita tumechanga, na ukitoa pesa ya njia tumebaki na dola 2,100. Tunataka wakae siku tano mahali penye maji.

Shida ni mama. Ukimpeleka kula nje, anaangalia bei kwanza, kisha anaifunga menyu na kusema hana njaa. Mwaka jana tulimpeleka mgahawani siku ya ubatizo wa mjukuu wake. Akanywa chai tu. Saa tatu usiku nikamkuta nyumbani anajisongea bukari, yaani ugali.

Ndiyo maana nataka hoteli ambayo kila kitu kimeshalipwa: chumba, chakula mara tatu, vinywaji, hata maji. Binamu yangu alienda fungate Zanzibar, akavalishwa bangili ya plastiki mkononi, siku saba hakufungua pochi. Nilidhani kila nchi ina hoteli za namna hiyo. Nimepiga simu hapa Lubumbashi, nikapiga Likasi, Kolwezi, na kule Zambia Ndola, Lusaka, Livingstone. Jibu ni moja: chumba na chai ya asubuhi. Kuna hoteli moja hapa mjini, msichana wa mapokezi aliniuliza mara mbili kama nataka kukodi ukumbi wa arusi. Swali lenyewe hakulielewa.

Kwa nini hazipo? Na mimi nifanye nini?

Dereva_wa_Kasumbalesa

Wapeleke hukohuko Zanzibar, dada. Uzi umefungwa.

Kitindamimba_Katuba

Kaka, tiketi mbili za ndege zinameza zaidi ya nusu ya mchango. Kwa barabara ni kupita Zambia yote mpaka Tunduma, halafu basi la Dar es Salaam, halafu boti. Magoti ya baba hayawezi.

Mpishi_wa_Zamani

Mdogo wangu, huyo msichana usimlaumu. Nimefanya kazi miaka 11 kwenye hoteli za mji huu, kwanza jikoni, halafu ekonomati (stoo ya vyakula), na sikumbuki mgeni hata mmoja aliyetuomba kitu hicho.

Angalia ni nani wanaolala kwenye hoteli zetu. Injinia wa mgodi aliyekuja siku mbili. Mfanyabiashara anayesubiri malori yake mpakani. Mtu wa shirika aliye kwenye safari ya kazi. Halipi yeye, inalipa kampuni yake, na kampuni inataka fakture (ankara) iliyochambuliwa: chumba mstari wake, chakula mstari wake, na bia isionekane kabisa. Ukimwandikia bei moja yenye kila kitu ndani, mhasibu anairudisha. Nimeziona zikirudi, tukakaa usiku tunaziandika upya.

Kisha chakula chenyewe. Hoteli ya namna hiyo inatangaza bei leo kwa mgeni atakayefika baada ya miezi sita. Sisi hapa kuku, maziwa, hata unga, sehemu kubwa inapita mpaka wa Kasumbalesa ikitoka Zambia na Afrika Kusini. Mwaka wa ukame Zambia inafunga kuuza mahindi nje, na bei ya mfuko wa unga sokoni inapanda ndani ya juma moja. Mama yako anaijua hesabu hiyo kuliko mimi. Umeme ukikatika, friji kubwa zinakunywa mazutu (dizeli) ya jenereta. Ni mwenye hoteli gani ataahidi kuku wasiohesabiwa kwa bei aliyoipanga nusu mwaka kabla?

Na kuna hesabu ya vitanda. Bufe ya watu 400 inalipa, kwa sababu kila mtu anakula kidogo kuliko anavyofikiri na unanunua kwa jumla. Bufe ya watu tisa ni hasara tupu. Hoteli yangu ya mwisho ilikuwa na vyumba 38, na wikendi wageni wanabaki wachache, watu wa migodi wamerudi kwao. Jumapili moja tulipanga bufe nzima. Sinia la samaki lilirudi jikoni kama lilivyotoka, limeguswa pembeni tu, limao bado limesimama juu yake. Mkuu wa jikoni akawagawia walinzi, na wiki iliyofuata bufe ikafutwa.

Binti_Kiwengwa

Shikamooni wakubwa, salamu kutoka Unguja. Mimi nafanya kazi kwenye hoteli ya bangili kama hiyo anayoisema mwenye uzi. Mpishi amesema kweli, naongeza kimoja: ndege.

Hoteli nyingi za huku Kiwengwa ni za Waitaliano, na wageni wengi huletwa na kampuni za safari za Ulaya kwa ndege za kukodi. Kampuni inanunua vyumba kwa jumla kabla ya msimu, halafu inauza tiketi, kitanda na chakula kwa bei moja. Mgeni anamaliza malipo akiwa kwao Milano. Akishuka hapa ni kula na kulala tu. Ndege ikishatua, jikoni tunajua wiki nzima tutapikia watu wangapi. Ndege zikipungua, mambo yanasimama: kipindi cha masika, mwezi wa nne na wa tano, hoteli kadhaa zinafunga kabisa na sisi tunarudi majumbani. Sasa Lubumbashi, ni ndege gani inawaletea watu 200 wanaotaka kulala ufukweni?

Dada, na hata ukipata, soma kilichomo. Kwetu "kila kitu" ni bia za hapa, soda na mvinyo wa jagi. Vinywaji vya friji ya chumbani unalipa. Mashua ya kwenda kuona pomboo unalipa. Bima ya wageni ambayo Zanzibar inaidai tangu Oktoba 2024 ni juu yako. Na chakula kinapikwa kwa mdomo wa Mwitaliano. Mzee mmoja kutoka Mwanza, siku ya tatu, aliniita pembeni akaniuliza kwa aibu kama naweza kumpatia ugali. Nilimletea sahani kutoka kwenye chakula cha wafanyakazi, akala amesimama nyuma ya bustani. Nilikaripiwa, lakini ningemletea tena.

Msomi_wa_Utalii

Nimesoma utalii, niruhusuni nirudi nyuma kidogo, maana kwetu watu wanadhani "tout compris" ni ngazi ya juu ya hoteli, kama nyota. Sivyo. Ni namna ya kuuza, na ina mahali pake.

Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake ni Mbelgiji wa Antwerp, Gérard Blitz, mchezaji wa polo ya majini. Mwaka 1950 alifungua kambi ya mahema huko Alcúdia, kisiwa cha Mallorca, Hispania, akaiita Club Méditerranée. Vita vilikuwa vimeisha miaka mitano tu, watu wamechoka, pesa hakuna. Wazo lake lilikuwa mtu alipe mara moja, kisha asahau pesa. Baadaye vinywaji vya baa vilikuwa vinalipiwa kwa shanga za kuvaa shingoni, ili noti isionekane kambini. Dada, Blitz alikuwa anatafuta hasa hicho unachomtafutia mama yako.

Namna hiyo ilistawi Jamaika, Jamhuri ya Dominika, Cancún ya Meksiko, Antalya ya Uturuki: jua la uhakika, ardhi ya pwani yenye nafasi, mishahara midogo, ndege zilizojaa. Kinyume chake chukua Hawaii. Bahari ipo, watalii wapo kwa mamilioni, lakini hoteli za namna hiyo ni za kutafuta kwa taa. Mishahara ni mikubwa, vyakula vingi vinakuja kwa meli kutoka mbali, na mgeni anakodi gari akale mjini. Tena katika majimbo mengi ya Marekani anayemuuzia pombe mtu aliyekwisha kulewa anaweza kushtakiwa mlevi huyo akimdhuru mwingine. Hata Ufaransa, ambako kampuni ya Blitz ilikulia, hoteli za mjini haziuzi hivyo. Mtu anaenda Lyon ili ale Lyon.

Na kuna nchi zilizokataa waziwazi. Gambia ilipiga marufuku vifurushi hivi mwaka 1999, kwa sababu wenye migahawa midogo, madereva wa teksi na wauza matunda wa pwani walikuwa wanakaa bure huku watalii wamefungiwa ndani ya uzio. Kampuni za Ulaya zilinung'unika, na marufuku ikaondolewa muda si mrefu. Kwa upande wangu Gambia ilikuwa na haki, ila ilikuwa peke yake. Mallorca kwenyewe, mwaka 2020 serikali ya visiwa iliweka kikomo kwenye maeneo ya ulevi: katika hoteli hizo, vinywaji vya pombe visivyozidi vitatu mchana na vitatu usiku, tena wakati wa kula tu.

Dereva_wa_Kasumbalesa

Jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka, dada, nisamehe. Ila mnaposema Zambia hakuna, mnakosea. Nimepeleka mizigo mpaka Mfuwe. Kambi za huko, kwenye mbuga ya wanyama ya South Luangwa, nyingi ni bei moja: chumba, chakula, gari la kutazama wanyama, mara nyingi na vinywaji. Ni kwa sababu ya pori. Jua likizama tembo wanapita katikati ya kambi, na mgeni hata kurudi chumbani anasindikizwa na mlinzi. Atatoka kwenda kula wapi? Livingstone ni mji, una migahawa, hoteli inakupa chai na kukuachia mji. Lakini Luangwa ni mamia ya dola kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Mchango wenu hautafika siku tano.

Fikirieni Siavonga, kwenye ziwa Kariba. Kuna loji ndogo zinazotazama maji.

Yaya_wa_Kipushi

Mdogo wangu, soma hapa polepole. Sisi kina mama wa kwaya tumefanya mapumziko mara tatu nje ya mji, na hakuna mahali walipotuambia wana bei ya kila kitu. Tuliitengeneza wenyewe.

Tafuta loji ndogo, yenye mwenyewe anayepokea simu. Usimuulize "mna tout compris?" Mwambie: watu wawili, siku tano, chai, chakula cha mchana na cha jioni, soda au bia mbili kwa kila mmoja kwa siku, maji bila kuhesabu. Nipe bei moja ya yote. Watu wawili wanaojulikana watakula nini si hatari kwake kama bufe ya mpishi hapo juu. Epuka Ijumaa na Jumamosi, watu wa Lusaka wanajaza; anzia Jumapili jioni, katikati ya wiki anashukuru kupata mgeni. Pata orodha hiyo kwa maandishi. Lipa nusu tu kama avansi (malipo ya awali), na uhakikishe unayemlipa ndiye mwenye mahali. Mwaka wa kwanza tulituma pesa yote kwa simu kwa mtu aliyejiita meneja, tukafika kumbe aliacha kazi mwezi uliopita. Tulilala kumi na mmoja kwenye vyumba viwili.

Na hili ndilo la mama yako: waombe wasilete karatasi yoyote mezani. Wamwandikie menyu isiyo na bei, kwa mkono inatosha. Mimi mwenyewe ni mama wa namna hiyo, niliyauza mafuta ya mawese miaka 19. Bei nikiiona naibadilisha kuwa magunia. Isipoonekana, nakula.

Kitindamimba_Katuba

Yaya, dada yangu mkubwa, nimesoma ya mwisho hiyo nikatoka nje kidogo.

Narudi na habari baada ya siku nne. Nimepata loji ya vyumba tisa Siavonga. Niliandika kama yaya alivyosema, neno kwa neno. Mwenyewe ni mama wa makamo, alinipigia badala ya kuandika, tukaongea Kifaransa changu na Kiingereza chake mpaka tukaelewana: dola 1,350, yote ndani, avansi nusu. Menyu isiyo na bei alicheka sana, akasema ataiandika yeye.

Kisha akaniuliza mama anatoka wapi. Nikamwambia Moba, alikulia kando ya ziwa Tanganyika. Akasema basi kapenta ataijua. Sikuelewa mpaka aliponitumia picha: ni ndakala, dagaa wa ziwani! Ndakala zetu zilezile. Anasema zilitolewa Tanganyika zikapandwa Kariba miaka ya 1960, na usiku mashua zinatoka na taa kuzivua kama kule kwao mama. Anataka kujua kama mama anazipenda mbichi za kukaanga au kavu za nyanya.

Mama nimemwambia jana, akichagua maharagwe. Akauliza nani analipa. Nikasema pameshalipwa. Akaendelea kuchagua maharagwe, halafu akasema: "Mwambie mbichi."

Swali la mwisho, Dereva: kutoka Lusaka mpaka pale njia ikoje kwa mtu mwenye magoti mabovu?

Dereva_wa_Kasumbalesa

Lami mpaka mwisho. Ni barabara ya Chirundu, mnapita Kafue, halafu mnachepuka kulia kabla ya kufika Chirundu. Ila kuna milima pale, mteremko mkali na malori yamebeba mzigo, yanashuka kwa breki. Walale Lusaka siku ya kwanza, waondoke saa kumi na mbili asubuhi, wasipite pale gizani. Baba akae mbele, anyooshe miguu. Kafue mnaweza kusimama.