Makato ya pensheni: yabaki ya lazima, au mfanyakazi wa Kusini aachwe apande mikorosho yake?

MLETA MADA, mhasibu wa mishahara katika halmashauri, Mtwara

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, kazi yangu ni kupitia orodha ya mishahara ya watumishi kila mwisho wa mwezi, na swali ambalo walimu, wauguzi na madereva hawachoki kuniuliza ni hili: kwa nini fedha yangu ikatwe leo kwa ahadi ya miaka thelathini ijayo, ilhali bei ya mchele, nauli ya Masasi na ada ya mtoto havisubiri? Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba makato yawe ya hiari, ili anayetaka ayapeleke kwenye ekari za mikorosho Tandahimba au kwenye kiwanja mjini. Naomba tujadili jambo hili kwa hesabu. Msimamo wangu nautaja mapema: makato yabaki ya lazima, lakini kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukigombea upande usio sahihi wa pensheni.

Tuanze na kinachokatwa. Mtumishi wa umma, ambaye mfuko wake ni PSSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma) tangu mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ilipounganishwa Agosti 2018, hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 15. Katika sekta binafsi, chini ya NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), utaratibu uliozoeleka ni asilimia 10 kwa 10. Kwa hiyo mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 huona 50,000 imeondoka kwenye hati yake, lakini ile 150,000 inayowekwa na mwajiri haimuumi wala haimfurahishi, kwa kuwa haijawahi kupita mkononi mwake. Makato yakigeuzwa kuwa ya hiari, anayejitoa atabaki na 50,000 peke yake. Sijasikia bado sheria inayomlazimisha mwajiri kumchangia mtu mikorosho.

Sasa tuje kwenye kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, ambacho ndicho chanzo cha hasira nyingi. Chukueni mwalimu huyo huyo, aliyekuwa PSPF, amechangia miezi 360, na wastani wa mshahara wake bora wa miaka mitatu ni milioni 12 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani, pensheni ya mwaka ni 1/540 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi aliochangia; asilimia 50 yake huzidishwa kwa 15.5 (kizidisho) na kulipwa mara moja anapostaafu, ndiyo mkupuo, na inayobaki hulipwa kila mwezi. Hivyo angeondoka na milioni 62 na pensheni ya takriban 333,000 kwa mwezi. Kanuni za 2018 zilishusha mkupuo hadi asilimia 25, wafanyakazi wakapiga kelele, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akaamuru kanuni za zamani zirudi kwa muda. Julai 2022 ikaja asilimia 33, kwa 1/580 na kizidisho 12.5, ambayo ingempa takriban milioni 30.7 na 416,000 kwa mwezi. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na hadi 35 kwa wale ambao mifuko yao ilitoa asilimia 25 tangu zamani. Kwa asilimia 40, mwalimu wetu anapata takriban milioni 37.2 na 372,000 kwa mwezi.

Wengi huishia kwenye milioni 62 dhidi ya milioni 37, na hasira yao ina haki, maana mtu aliyeajiriwa kwa masharti fulani hakustahili kubadilishiwa anapokaribia kustaafu. Hata hivyo, linganisheni asilimia 33 na 40. Kwa kuongezewa mkupuo, mwalimu amepata milioni 6.5 mkononi na kupoteza shilingi 43,000 na ushei kila mwezi. Gawanyeni, mtapata miezi 150, yaani miaka kumi na miwili na nusu. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 na akaishi kupita 72 na nusu, nyongeza ile imemgharimu, isipokuwa kama fedha aliyoichukua mapema ameizalisha vizuri. Tumeshangilia asilimia, na hatujauliza kwa sauti ile ile kama pensheni ya mwezi itapanda bei zikipanda.

FUNDI UMEME WA MIKATABA, Mtwara Mjini

Mhasibu ametoa hesabu safi, lakini ni hesabu ya mtu aliyeajiriwa na serikali kwa miaka thelathini mfululizo. Sisi wa mikataba hatuishi hivyo. Ajira zetu huku Kusini hufuata miradi: bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015, mafundi na vibarua wengi walifungasha vifaa vyao, na mradi wa kuchakata gesi Likong'o, pale Lindi, tumeusubiri hadi vijana wa wakati ule sasa ni watu wazima. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi anahitaji michango ya miezi 180, ambayo ni miaka kumi na mitano. Naomba nitajiwe fundi wa mradi aliyefanya kazi miaka kumi na mitano bila kukatika. Anayefikisha miaka 60 bila miezi hiyo hupewa malipo ya mkupuo, na safari yake na mfuko imeishia hapo.

Zamani mkataba ukiisha mtu alichukua fao la kujitoa, yaani michango yake yote kabla ya kustaafu, akaanzisha hata karakana. Fao hilo liliondolewa, likaja fao la upotevu wa ajira, ambalo ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Theluthi ya mshahara wa fundi haimalizi kodi ya nyumba na chakula cha watoto, sembuse kununua mashine ya kuchomelea.

Na kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa. Niliwahi kufanya kazi katika kampuni ndogo ya ukandarasi ambayo kila mwezi ilinikata, na makato yaliandikwa vizuri kwenye hati ya mshahara. Nilipokwenda kuangalia taarifa yangu ya michango nilikuta miezi mitupu, mingi. Fedha ilitoka kwangu na haikufika. Kwa mtu aliyefanyiwa hivyo, neno "lazima" lina maana gani? Mimi nililazimishwa, mwajiri hakulazimishwa.

MWALIMU WA SEKONDARI, Masasi

Namuunga mkono fundi kwa sababu nyingine. Nina ekari tano za mikorosho upande wa Lukuledi, nilizopanda kwa miche bora iliyotokana na utafiti wa Naliendele. Mkorosho huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu au minne, na ukitunzwa huzaa kwa miongo kadhaa. Siku nikifa, wanangu hawatajaza fomu ya mirathi ya mfuko wowote ili waende kuokota. Msimu wa 2024/25 minada ilifunguliwa kwa bei ya zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo. Sijaona pensheni ikiruka namna hiyo.

Zaidi ya hayo, mifuko yenyewe imepita kwenye misukosuko. Watumishi wa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia, serikali iliahidi kubeba gharama yao, mfuko ukawalipa kwa miaka mingi huku deni likilimbikizwa, na lilipoanza kulipwa, sehemu kubwa ililipwa kwa hatifungani maalumu isiyo taslimu, yaani hati ya serikali ya kuahidi kulipa baadaye, ya zaidi ya shilingi trilioni mbili. Mtu anayeniambia niuamini mfuko kuliko ardhi ninayoikanyaga anieleze kwanza jambo hilo.

MWALIMU MSTAAFU, Nachingwea

Mwanangu wa Masasi, ardhi unayoikanyaga nami naikanyaga, na mikorosho ninayo kabla wewe hujaajiriwa. Nakuomba usome maneno yangu kwa utulivu, kwa sababu nimestaafu kwa kikokotoo cha zamani, kile ambacho wote mnakililia.

Mkumbuke msimu wa 2018. Wanunuzi walikataa bei, wakulima wakakataa kuuza, na Novemba serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri kwenye tangazo. Uhakiki ukaanza, nani ana shamba na nani ni kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho za wakulima kwa bei ya chini kabla ya msimu, na kwa wengi wetu malipo yalichelewa kwa miezi. Katika miezi hiyo, nyumba yangu ilikula pensheni. Majirani zangu wenye mashamba makubwa kuliko langu walikuja kukopa unga kwangu, si kwa sababu mimi ni hodari, bali kwa sababu fedha yangu iliingia benki bila kujali mnada umefanyika au haukufanyika. Na bei ya 4,000 unayoitaja, mwalimu, misimu michache nyuma yake ilikuwa nusu ya hapo.

Halafu mkorosho unadai nguvu. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua, hausubiri mzee apone mgongo. Salfa, dawa yake, lazima ipulizwe alfajiri, maua yakianza, kwa mashine inayobebwa mgongoni na mtu anayeweza kuzunguka mti mmoja hadi mwingine akiwa na petroli yake. Mimi sasa naajiri vijana wa kupalilia, wa kupuliza na wa kuokota, nao wanataka fedha zao kabla ya mnada, na wana haki. Pensheni ndiyo inayolipa vijana hao. Bila makato yale ya ualimu, shamba lingekuwa pori.

Kuhusu mkupuo mkubwa, nimeshuhudia wenzangu. Kipindi cha joto la gesi, kila mtu alijenga nyumba ya wageni. Mmoja wetu aliweka karibu mkupuo wote kwenye jengo la vyumba kumi na viwili, likafika kwenye lenta, fedha ikaisha, na wageni waliotarajiwa hawakuja. Kuchukua asilimia kubwa mapema na kubaki na pensheni nyembamba maisha yote ni sawa na mkulima anayemuuzia kangomba mwezi wa saba: anapata fedha wakati wa shida, na msimu ukifika, korosho zilizo mtini si zake.

Ila nisimpe mhasibu ushindi wote. Pensheni yangu ilipoanza ilitosha gunia la mchele, dawa za presha na ada ya mjukuu. Leo mchele na dawa vinaimaliza, na ada natoa kwenye korosho. Mshahara wa kima cha chini serikalini ulipandishwa Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, na ni jambo jema. Lakini aliyestaafu Juni ya mwaka huo alikokotolewa kwa mshahara wake wa zamani, na ataingia soko lile lile na wenzake waliobaki kazini.

KATIBU WA AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima), Newala

Naomba niongeze neno kwa niaba ya watu ambao hawana hati ya mshahara kabisa, nao ndio wengi katika mikoa hii. Mkulima wa korosho amezoea makato: kabla fedha ya mnada haijaingia kwenye akaunti yake, kuna ushuru wa chama cha msingi, wa chama kikuu, wa halmashauri na gharama za ghala na usafiri. Kwa kuwa mauzo yote yanapita kwenye stakabadhi ghalani, yaani korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, mchango mdogo wa pensheni kwa kila kilo ungeweza kukatwa pale pale na kupelekwa NSSF, ambayo hupokea wanachama waliojiajiri. Msimu mzuri mtu angechangia zaidi, mbaya kidogo. Hata hivyo, nikilipeleka jambo hili kwenye mkutano mkuu bila kuwaonyesha wanachama namna ya kuhakiki mchango wao kwa simu, watalikataa, nami sitawalaumu, kwa sababu wanayakumbuka makato mengi ambayo hawakuwahi kuona yameishia wapi.

MLETA MADA

Shikamoo, mama. Umeeleza kwa maisha yako jambo ambalo mimi nililieleza kwa kugawanya tarakimu, na nakubali kwamba pensheni isiyofuata bei huliwa polepole hata kama mfuko ni mzima.

Kwa mwalimu wa Masasi: historia ya deni la kabla ya 1999 ni ya kweli, na inatufundisha kumbana mwajiri, hata mwajiri akiwa serikali, alipe mchango wake kwa wakati. Haifundishi kwamba kila mtu akimbie na asilimia 5 yake. Shamba la Lukuledi endelea nalo, wala hakuna aliyekukataza. Lakini shamba na mfuko havipati maradhi ya aina moja, na ndiyo faida ya kuwa navyo vyote viwili.

Kwa fundi nina deni kubwa zaidi. Sheria inamtaka mwajiri awasilishe michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha, na asiyewasilisha hutozwa adhabu. Tatizo ni kwamba anayegundua ni mfanyakazi, tena baada ya mkataba kwisha, wakati ameshapoteza nguvu ya kudai. Napendekeza tuache kugombea kama mkupuo uwe 40 au 50, tuelekeze sauti zetu kwenye madai mawili: pensheni ya mwezi ipitiwe kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei, kwa kanuni iliyoandikwa na si kwa huruma ya bajeti, na mfanyakazi apate ujumbe wa simu kila mchango wake unapopokelewa, na apate pia ujumbe mwezi unapopita bila mchango.

FUNDI UMEME

Dai la pili nalikubali, lakini halitoshi. Ujumbe wa simu utaniambia nimeibiwa, na bado nitakuwa mbele ya bosi anayeweza kunifukuza kesho nikifungua mdomo. Ujumbe huo uende na kwa mkaguzi wa mfuko, naye afike kwenye eneo la kazi bila kulitaja jina langu, na kampuni yenye malimbikizo isipewe zabuni nyingine ya umma hadi ilipe. Hayo yakiandikwa, nitaacha kudai hiari. Yasipoandikwa, nitaendelea kudai asilimia 10 yangu nibaki nayo mwenyewe.